Alama Chini ya Kiatu

Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya Uyole, Frida alikuwa ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba, akisugua viatu. Ndiyo desturi ya nyumba yao: mdogo husafisha viatu vya wakubwa, ili Jumapili familia nzima iende kanisani miguu ikiwa inang'aa. Maji ya Mbeya mwezi wa sita ni baridi kiasi kwamba vidole hugoma kukunjika, lakini Frida hakulalamika. Viatu vilikuwa sifa yake. Majirani walizoea kumtania mama yake kwamba binti huyu husugua mpaka soli, sehemu ambayo hakuna mtu anayeitazama. Na kweli alikuwa akiisugua.

Frida alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Dada yake Juliana alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alimsaidia mama kuuza viazi sokoni, na muda wake wote uliobaki aliutumia juu ya baiskeli. Si baiskeli ya kubebea magunia. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyembamba na nyepesi, nayo ilikuwa na viatu vyake. Chini ya kila soli kulikuwa na kipande cha plastiki ngumu kilichofungwa kwa skrubu tatu. Kipande hicho hunasa kwenye pedeli na kuushika mguu usiteleze. Waendesha baiskeli hukiita kliti. Ukitaka kuuchomoa mguu, unasukuma kisigino kwa nje, na kliti inaachia.

Viatu hivyo vilikuwa vya mtumba. Siku Juliana alipovinunua, Mwalimu Lusekelo, kocha wa timu ya wasichana, alizifungua kliti na kuzipanga upya. Alisema mtu aliyevivaa viatu hivyo kwanza alikuwa na miguu yake, na Juliana ana yake. Alipomaliza, Juliana alizunguka kila kliti kwa wino mweupe, ule wa kufutia makosa ya kalamu, ili hata zikifunguliwa asipoteze mahali pake.

Sasa kliti hizo zilikuwa zimelika. Wiki moja kabla, Juliana akipanda kilima baada ya Igawilo, mguu wa kulia uliachia wenyewe, akayumba kuelekea katikati ya barabara, na lori lililokuwa nyuma yake likapiga honi ndefu. Alifika nyumbani akiwa mweupe kwa vumbi na hofu. Mwalimu Lusekelo alipoona zilivyolika pembeni, alimpa kliti mpya siku hiyo hiyo. Mbio za wasichana za Iringa zilikuwa zinakaribia, na Juliana alikuwa tegemeo la timu.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi hiyo Juliana aliweka mbele ya Frida viatu, kliti mpya, na ufunguo mdogo uliopinda ambao mafundi huuita alenki.

"Mdogo wangu, leo kuna mzigo wa viazi sokoni, mama hauwezi peke yake," alisema. "Fungua hizi za zamani, funga mpya. Mstari mweupe unauona? Kliti ikae ndani ya mstari, basi. Usiende mbele, usirudi nyuma, usipindishe."

"Nimeelewa, dada."

Frida alijaa furaha. Hakuwa amewahi kupewa kazi ya baiskeli peke yake. Alifungua skrubu moja moja, akaziweka kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee. Kliti za zamani zilipotoka, aliona chini yake uchafu mweusi ulioganda, mchanga na grisi ya siku nyingi. Mtu aliyelelewa kusugua soli hawezi kufunga kitu kipya juu ya uchafu kama huo. Alichukua sabuni ya unga na stilwaya, akasugua kwa nguvu zake zote, akasuuza, akasugua tena. Alipoinua viatu juani, soli zilikuwa zinang'aa, na mstari mweupe haukuwepo.

Alibaki amekishika kiatu. Alikigeuza huku na huku. Wino ulikuwa umekwenda na povu.

Hapo ndipo alipopaswa kuvuka barabara, aende sokoni, amwambie dada yake. Soko halikuwa mbali. Lakini Frida aliwaza vile watu watakavyocheka, msugua soli kasugua mpaka amefuta na alama, akaona aibu. Akaitazama soli kwa karibu. Palikuwa na alama nyingine: kliti ikikaa muda mrefu huchimba plastiki kidogo, huacha kivuli chake. Tena vivuli vilikuwa viwili, kimoja chepesi, kingine kilichokolea. Frida alichagua kilichokolea. Alijiambia kwamba kilichokolea ndicho cha kweli. Hakukumbuka kwamba Juliana alikuwa na viatu hivyo kwa mwaka mmoja tu, na kwamba kivuli kilichokolea kiliachwa na mtu mwingine, mwenye miguu mingine, katika nchi ambayo hawaijui.

Alikaza skrubu mpaka mwisho. Juliana aliporudi, jasho na vumbi la viazi usoni, alivigeuza viatu akatabasamu.

"Vimependeza kweli. Umefuata mstari?"

"Nimefuata," Frida alisema.

Neno lilitoka jepesi tu. Juliana alimshika kichwani, akaingia ndani.

Siku za kwanza Juliana alisema viatu vimekaza kidogo, lakini kliti mpya huwa hivyo, zitazoea. Kisha akasema goti la kulia linamvuta kwa ndani. Kisha ikawa akishuka kwenye baiskeli anashika ukuta. Mama alimkanda kwa maji ya moto kila jioni, kitambaa kikitoa mvuke, na Juliana aliuma midomo asilie. Frida ndiye aliyepeleka maji hayo. Alikuwa akiliweka beseni chini na kuondoka haraka, kwa kuwa hakuweza kulitazama lile goti lililovimba.

Mwalimu Lusekelo alifika nyumbani kumtazama. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mrefu, asiyependa maneno mengi. Mama alimpa kigoda, Frida akamwamkia, naye akaitikia kisha akaanza kuuliza. Umeanguka? Hapana. Umebadilisha kiti cha baiskeli? Hapana. Akaomba viatu. Alizivuta kliti kwa kidole, hazikucheza.

"Nani kafunga?"

"Mdogo wangu," Juliana alisema. "Alifuata alama zako, mwalimu. Nilimuuliza."

Mwalimu alimtazama Frida, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi, binti. Skrubu zimekaza vizuri kuliko wanavyokaza wanafunzi wangu." Akavirudisha viatu chini. "Basi tatizo haliko hapa. Labda nimemzidishia milima. Labda goti lenyewe ni dhaifu."

Frida alisimama mlangoni na sifa ile masikioni. Alijua kwamba mwalimu angevitazama viatu dakika moja zaidi kama si lile neno lake moja. Akasema tu kwamba anakwenda kuchota maji.

Juliana alipumzika siku chache, uvimbe ukapungua. Alipopanda tena baiskeli, maumivu yakarudi kabla hajafika kwenye chuo cha kilimo. Alirudi akiisukuma kwa mkono. Jioni hiyo mama alimpigia simu baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo na ambaye tangu mwanzo hakuupenda mchezo huu. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Mwambie aache. Nimeshasema barabara ile si ya kuchezea. Sasa goti, kesho kutakuwa na jingine. Aache, atafute kozi asome."

Juliana hakubisha, na hilo ndilo lililomuumiza Frida kuliko kelele yoyote. Alikaa kitandani, akalishika goti lake kwa mikono miwili.

"Baba anasema kweli," alisema taratibu. "Wenzangu wanafanya mazoezi yale yale, hawaumwi. Ni mwili wangu tu, hauna nguvu hiyo. Nilikuwa najidanganya."

Frida alilala akiwa amegeukia ukuta. Alitaka kusema, lakini hakusema. Uongo uliokwisha kaa siku nyingi ni mgumu kuutoa kuliko ule wa asubuhi hiyo hiyo. Mtu huogopa kuulizwa siku zote hizo alikuwa wapi.

Kesho yake mchana, aliporudi kutoka shule, alimkuta Juliana amekaa kizingitini na gazeti la zamani mapajani. Alikuwa akivifunga viatu. Alivifunga kwa uangalifu kama mtu anayekunja nguo za mtoto aliyesafiri.

"Nampelekea Veneranda," alisema bila kuinua macho. Veneranda alikuwa msichana wa timu yao, mtoto wa jirani wa mwalimu. "Yeye ndiye atakayekwenda Iringa badala yangu, na viatu vyake vimepasuka. Mguu wetu ni saizi moja. Kliti ni mpya, atavivaa hivi hivi."

Frida aliutua mkoba. Alimwona Veneranda kwenye vilima vya Iringa, goti lake nalo limevimba, naye akisema kwamba mwili wake haufai. Hakuweza kuvumilia tena.

"Usimpe, dada," alisema. "Vitamuumiza."

Juliana aliinua macho.

"Sikufuata mstari. Niliufuta. Niliosha soli, wino ukatoka, nikaogopa. Nikafunga pale nilipoona kivuli kimekolea. Nilikudanganya. Hata mwalimu alipokuja niliona, nikanyamaza." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alimalizia. "Goti lako si dhaifu. Ni mimi."

Juliana hakumpiga wala hakumgombeza. Alifungua gazeti, akavitoa viatu, akavitazama kwa muda mrefu. Gari kubwa lilipita barabarani, madirisha yakatetemeka.

"Nimejichukia wiki nzima," alisema mwishowe. "Niliuchukia mwili wangu, Frida." Akasimama. "Vaa ndala. Twende kwa mwalimu. Utamwambia mwenyewe."

Frida alimwambia mwenyewe, amesimama katikati ya sebule ya mwalimu, mikono nyuma kama yuko mbele ya darasa. Mama alikuwa amewaona wakipita sokoni akawafuata, aproni bado kiunoni, akasikia yote akiwa mlangoni. Mwalimu Lusekelo hakumkatisha. Frida alipomaliza, mwalimu alimtuma alete kisanduku cha vifaa, akamwonyesha Juliana akae juu ya meza.

"Ning'iniza miguu. Ilegeze, usiielekeze popote. Frida, njoo hapa mbele, tazama. Vidole vya dada yako vinaelekea wapi?"

"Mbele," Frida alisema. "Wa kulia umefungukia nje kidogo tu."

"Hivyo ndivyo alivyoumbwa. Sasa tazama kliti ya kulia uliyofunga."

Aliweka kiatu pembeni ya mguu. Hapo Frida aliona kwa macho yake. Kliti ilikuwa imepinda, na mtu akinasa nayo kwenye pedeli, vidole vilivutwa kwenda ndani na kisigino nje. Kila mzunguko wa pedeli ulikuwa umelisokota goti la Juliana, mamia kwa mamia kila asubuhi, wakati yeye Frida yuko darasani.

Mwalimu alimvisha Juliana viatu, akatafuta kwa kidole ule mfupa unaochomoza chini ya kidole gumba, akabandika kipande kidogo cha karatasi ya gundi juu ya kiatu mahali pake. Akafanya hivyo upande wa kidole cha mwisho. Kisha akavivua, akamwambia Frida azifungue kliti.

"Katikati ya kliti ikae kati ya alama hizi mbili. Paka grisi kidogo kwenye skrubu. Usikaze moja mpaka mwisho. Kaza hii kidogo, ile kidogo, ile kidogo, zije pamoja. Ukikaza moja tu, kliti inazunguka."

Frida alikaza kidogo kidogo kama alivyoelekezwa. Mwalimu alirekebisha mwelekeo kidogo kidogo, akamwita Juliana kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, akamwambia azungushe pedeli kinyumenyume. Akachuchumaa mbele yake akilitazama goti. Akarekebisha tena. Mara ya tatu goti lilipanda na kushuka wima.

"Unasikiaje?"

"Halinivuti," Juliana alisema, akazungusha pedeli tena.

Mwalimu alifuta mikono yake kwa kitambaa. "Iringa hutakwenda safari hii. Goti limechoka, lazima lipone kwanza, na hospitali walitazame. Veneranda atakwenda na viatu vyangu vya akiba, nitampangia mwenyewe." Kisha akamgeukia Frida. Hakuwa na hasira, na Frida alitamani afadhali angekuwa nayo. "Binti, nikuambie kitu. Kufuta alama ni bahati mbaya. Hata kufunga vibaya ni kosa la kujifunza. Ningelirekebisha kama nilivyolirekebisha sasa hivi. Lakini ulipomwambia dada yako umefuata, na mimi nikaambiwa vivyo hivyo, tuliacha kutazama hapo. Tukaanza kutafuta ugonjwa kwenye mwili wake. Kosa lako lilimuumiza siku ya kwanza. Siku nyingine zote aliumizwa na jibu lako."

Frida aliitikia kwa kichwa.

"Ndaga fijo, mwalimu," mama alisema, akimshukuru kwa Kinyakyusa kama alivyofanya kila neno lilipomgusa moyo. Jioni hiyo alimpigia baba tena, akamweleza yote bila kuficha. Baba akauliza, "Kasema mwenyewe?" Mama akajibu kwamba kasema mwenyewe. Baba akasema mambo ya kuacha baiskeli yasubiri kwanza, atazungumza nao akija.

Siku ya mbio, Veneranda alimpigia Juliana simu kutoka Iringa kumweleza zilivyokwenda. Juliana alimpongeza kwa moyo wote, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Kwa siku nyingi aliongea na Frida mambo ya lazima tu: chumvi iko wapi, zima taa. Frida aliendelea kusugua viatu kila Jumamosi. Hakumharakisha dada yake kumsamehe, alisubiri.

Goti lilipona. Juliana alirudi barabarani, kwanza mpaka kwenye chuo cha kilimo, baadaye mpaka Igawilo, baadaye akapita. Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea, kukawa na mbio nyingine Iringa. Safari hiyo mama na Frida walikwenda naye, wakafikia kwa shangazi yao, njia ya kwenda Tosamaganga.

Mchana wa kabla ya mbio, Frida alikuwa uani kwa shangazi akimenya viazi. Juliana alikuja, akaweka viatu vyake mapajani pa mdogo wake. Kliti zilikuwa zimelika tena, maana njia za mawe hazina huruma. Juu ya viatu aliweka kliti mpya na alenki. Akaenda kukaa na Mwalimu Lusekelo kwenye ngazi, ambako walikuwa wakizungumzia vilima vya kesho.

Frida alinawa mikono, akafungua kliti zilizolika. Alifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, pembeni mwa mstari mweupe ambao Juliana alikuwa ameuchora upya, bila kuugusa. Alipaka grisi. Alikaza kidogo hii, kidogo ile. Kazi ilichukua muda mrefu mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia.

"Umefuata mstari?" Juliana aliuliza kutoka kwenye ngazi.

Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, aliusimamisha ungo.

"Wa kushoto nimefuata," Frida alisema. "Wa kulia kliti ilisogea nilipokuwa nakaza. Nimeirudisha, lakini sina uhakika. Njoo utazame."

Juliana alikuja na mwalimu nyuma yake. Mwalimu alikiinua kiatu cha kulia, akafumba jicho moja. Kliti ilikuwa imetoka nje ya mstari, unene wa ukucha tu. Alilegeza skrubu, akaisogeza, akampa Frida amalizie mwenyewe.

"Unene wa ukucha," alisema. "Mtu mzima angesema inatosha, akaenda kula. Kesho dada yako anapanda kilima na goti hilo moja. Neno 'sina uhakika' ni zito kulitamka mbele za watu, najua. Lakini mtu anayeweza kulisema, mimi namkabidhi baiskeli ya mtoto wangu. Hayo tu, Frida. Fanya kazi kwa bidii kama unavyofanya, na ukikosea, sema mapema, wakati bado kosa linarekebishika kwa ufunguo mdogo kama huo."

Juliana alichuchumaa, akamfuta mdogo wake grisi shavuni kwa pindo la kanga ya mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu mwezi wa sita.

Asubuhi iliyofuata wasichana walianza pamoja, kundi la rangi nyingi likielekea mlimani, na watu wa Iringa wamejipanga kando ya barabara wakipiga makofi. Frida alisimama mbele ya mama yake. Hakutazama nani anaongoza. Dada yake alipopita, alilitafuta goti la kulia tu, akaliona likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, limenyooka, mpaka likamezwa na kona.